Kipima cha kifuani bila waya: umeme wake utatoka fasi gani?

Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2.287 kati ya 3.470 waliopatwa, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wauguzi wanakumbuka vizuri: ndani ya nguo za kujikinga, joto linamruhusu mtu kukaa saa moja hivi, kisha lazima atoke. Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vinavyoitwa CUBE, ili mgonjwa aonekane na kuhudumiwa akiwa ndani na muuguzi akiwa inje.

Mafundi wa elektroniki wanataka kwenda mbele zaidi: vipima vidogo vya kubandika mwilini, vyenye kutuma joto, pumzi na mapigo ya moyo bila waya. Mojawapo ya njia zao ni redio ya masafa mapana sana. Marekani iliiruhusu mwaka 2002, kati ya gigahezi 3,1 na 10,6. Mwaka 2012 kanuni ya kimataifa ya mitandao ya mwilini, IEEE 802.15.6, iliiingiza pia.

Redio hiyo haisemi mfululizo. Inapiga mipigo mifupi sana, kisha inalala. Ndiyo maana batri ndogo inaweza kudumu. Kwa wenye kuogopa mawimbi: kwa sheria ya Marekani, nguvu yake yote haifiki hata miliwati 1, lakini simu ya kawaida ya GSM inaweza kufika wati 2.

Lakini kuna mambo ambayo wauzaji hawatangulizi. La kwanza, mwili unakula mawimbi. Kipima kikiwa kifuani na mgonjwa akilalia tumbo, habari inaweza kupotea. La pili ni kubwa zaidi: kwa sababu mtumaji amefanywa mwepesi, kazi nzito inabakia kwa mpokeaji. Kile kisanduku karibu na kitanda ndicho kinatafuta mipigo midogo katikati ya kelele, na chenyewe kinakula umeme zaidi. Ni kusema shida ya umeme haikuisha. Imehama tu kutoka kifuani kwenda ukutani. Fasi ambako jenereta inazimwa usiku juu ya bei ya mazutu, kipima kitaendelea kutuma, na hakuna atakayesikia.

Tena kuna habari zenyewe. Toka tarehe 13 Machi 2023 Kongo iko na sheria ya mambo ya kidijitali, inayogusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Mapigo ya moyo ya mgonjwa ni mali yake.

Basi hospitali ikiletewa vyombo hivi kama zawadi, isiulize tu batri ya kipima inadumu siku ngapi. Iulize pia: mpokeaji atapata umeme wapi saa nane za usiku, nani atakuwa macho kusoma kengele, na habari zitahifadhiwa inchi gani? Bila majibu hayo, muuguzi atarudi kuvaa nguo zake na kuingia.