Aliyekuja wa Kumi

Wengi wenu mmeniandikia kuuliza habari za mbolea na za hati za mashamba, nami nitawajibu kila mtu kwa zamu yake. Lakini juma hili niruhusuni kuyaweka hayo kando, kwani liko jambo la mtoto wa shule lililonikosesha usingizi, na kulinyamazia siwezi.

Mimi nakaa Kawangware, karibu na mwisho wa safari ya magari nambari 46, mahali ambapo nambari ya gari imegeuka kuwa jina la mtaa. Abiria akipanda Kencom, akapita Hurlingham na Yaya, hushuka hapo penye wachoma mahindi, wauza mitumba na mafundi wa cherehani. Fundi mmoja miongoni mwao ana taa nzuri ya umeme na hana choyo nayo. Habari hii yaanzia chini ya taa hiyo.

Jirani yangu ana kijana ambaye mwaka 2024 alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja ya mwezi wa Oktoba, Siku ya Mashujaa ikikaribia, alipiga hodi kwangu akiwa na daftari mkononi. Akaniambia, "Guka, mwalimu ametupa insha ya shujaa. Naomba uisome, kwa maana mwisho wake sina."

Nilistaajabu kusikia mtu ana insha isiyo na mwisho, nikamwuliza wenzake wameandika juu ya nani. Akasema wengine wameandika juu ya Dedan Kimathi, wengine juu ya Profesa Wangari Maathai aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, na walio wengi juu ya Eliud Kipchoge. Yeye alikuwa ameandika juu ya Ben Jipcho.

Basi, wasomaji, nilivua miwani nikaifuta. Sikutazamia mtoto wa siku hizi kulijua jina hilo. Nilipomwuliza amelipata wapi, alinieleza jambo la kuchekesha. Mafundi wa cherehani hukata vielelezo vya nguo kwa magazeti ya zamani, na katika duka la yule fundi lilikuwamo gazeti la mwaka 2020, la siku zile Jipcho alipofariki. Fundi alikuwa amekwisha kulikata kwa umbo la mkono wa shati. Habari ilisomeka vizuri hata kufika mashindano ya Mexico, na hapo mkasi ukapita. Kilichofuata kilikwenda na kwapa la shati.

Yaliyoandikwa katika kipande kile nayakumbuka mimi mwenyewe bila gazeti. Mwaka 1968 nilikuwa kijana wa miaka 17, na habari za Mexico tulizipata kwa redio ya Sauti ya Kenya, watu ishirini tumeizunguka redio moja. Kipchoge Keino alikuwa mgonjwa, ana mawe katika kibofu cha nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha, na madaktari wakamwonya asikimbie tena. Hata hivyo alikimbia mita 5,000 akapata nishani ya fedha. Ikabaki fainali ya mita 1,500, tarehe 20 Oktoba, siku ile ile ambayo leo twaiita Siku ya Mashujaa. Gari lililomchukua lilikwama katika msongamano wa magari, akashuka akaenda uwanjani mbio kwa miguu yake.

Mtu wa kuogopwa siku hiyo alikuwa Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa na rekodi ya dunia. Ryun alikuwa hodari sana wa kumalizia. Ikiwa mbio zitakwenda polepole na yeye afike mzunguko wa mwisho akiwa karibu na wenzake, hakuna wa kumshika. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuziharakisha mbio tangu mwanzo, huko Mexico ambako mji uko juu zaidi ya mita 2,200 na pumzi ni haba, ili Ryun aachwe mbali asiweze kufika. Lakini ni nani atakayeziharakisha? Atakayefanya hivyo atakwisha nguvu yeye kwanza.

Aliyefanya hivyo ni Ben Jipcho. Bunduki ilipolia, kijana huyu alitoka kama mtu aliyekurupushwa na simba, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Keino akafuata mwendo huo, kisha akapita mbele, na kuanzia hapo hakutazama nyuma. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Ryun nyuma kwa mita zipatazo ishirini. Jipcho alifika wa kumi.

Hapo ndipo mkasi wa fundi ulipopita, na hapo ndipo insha ya kijana ilipokwamia. Alikuwa ameimalizia kwa maneno haya: Jipcho alisahauliwa, walakini shujaa wa kweli hataki malipo.

Nilimwambia aifute sentensi ile. Akashangaa, kwa kuwa aliiona ndiyo nzuri kuliko zote, na kusema kweli ilikuwa na sauti nzuri. Maneno matamu kama hayo nayaogopa, kwani mara nyingi anayeyasema ndiye mwenye deni. Mkulima hawezi kusema kwamba ng'ombe wake hodari hapendi majani. Na tena si kweli juu ya Jipcho. Kwa hiyo nilimpa kijana kile kilichokwenda na kwapa la shati. Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, Keino na Jipcho walikimbia pamoja mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Keino akapata dhahabu na Jipcho fedha, wakipitana kwa sekunde moja hivi. Mwaka 1973 Jipcho aliivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka 1974 huko Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishinda mita 5,000 na mbio za viunzi, akaongeza shaba ya mita 1,500. Mtu huyu hakuwa ngazi ya kupandiwa na wengine. Alikuwa mkimbiaji, na zamu yake ilipofika alikimbia mbio zake mwenyewe.

Kijana aliandika yote, kisha akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Guka, aliyesoma gazeti lile si mimi. Ni rafiki yangu."

Na habari ya rafiki huyo ndiyo hasa niliyotaka kuwaeleza.

Walikuwa wanafunzi wanne, na riwaya ya mtihani, Nguu za Jadi ya Bibi Clara Momanyi, walikuwa nayo nakala moja. Wazee tuliokua na gazeti moja kijiji kizima hatuwezi kuliona hilo kuwa ajabu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, mtu mmoja aliyejua kusoma alilisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, wakauliza, wakabishana. Vijana hawa walifanya vivyo hivyo chini ya taa ya fundi. Msomaji alikuwa huyo rafiki, mtoto wa Makina kule Kibera, aliyekuja kwa miguu akivuka Barabara ya Ngong. Siku za Jumamosi walikwenda katika tawi la Maktaba ya Taifa lililoko Kibera, lakini jioni za kazi walikuwa kwa fundi.

Nimeambiwa kwamba alikuwa msomaji wa kupendeza. Kila mhusika alimpa sauti yake, hata wateja wa fundi walisahau kuulizia suruali zao. Mmoja asipoelewa, alirudi nyuma ukurasa mzima bila kununa. Wenzake walisikiliza wakaandika muhtasari katika madaftari yao, ila yeye hakuandika, kwa maana mtu hawezi kusoma kwa sauti na kuandika kwa wakati mmoja. Mtihani wa muhula wa kwanza ulipokuja, wale watatu walipanda. Yeye alishuka kidogo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Katika muhula wa pili aliacha shule. Mama yake aliugua, karo ikawa deni, na nyumbani wako wadogo zake wawili. Akapata kazi ya utingo, au makanga kama wasemavyo vijana, katika gari la nambari 46. Kwa hiyo kila siku alipita mara nyingi mbele ya duka la fundi, ananing'inia mlangoni akiita abiria, na wenzake wako ndani na kitabu. Gari liliposimama aliwauliza kwa sauti, "Mmefika wapi?" Wakamjibu sura waliyofikia, naye akapiga bati mara mbili, gari likaondoka.

Wasomaji wangu, sitaki mnidhanie kuwa hakimu wa watoto. Nilipokuwa karani kijana, ofisini kwetu alikuwako mwenzangu aliyenifundisha kupiga taipu na kuandika barua za kiserikali. Kila jioni kwa miezi minne alibaki nami baada ya kazi ili nifaulu mtihani wa kupandishwa cheo, naye mtihani ule ule alikuwa aufanye. Mimi nilifaulu, yeye hakufaulu. Nilimnunulia soda, nikamsifu mbele ya watu, nikahamia chumba chenye zulia. Kwamba ilikuwa zamu yangu kubaki naye jioni, wazo hilo lilinijia miaka mingi baadaye, naye amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Hiyo ndiyo sababu sikulala usiku ule, na ndiyo sababu ile sentensi nzuri ya kijana iliniuma.

Nilimwuliza kijana jambo moja tu, kama huyo rafiki angependa kurudi shuleni. Akasema hawakuwahi kumwuliza. Walikuwa wameona haya.

Walimwuliza kesho yake, saa tatu ya usiku, gari lilipokwisha kufungwa. Jibu lake lilikuwa fupi, kwamba anataka, ila asiambiwe maneno yasiyokuwa na fedha ndani yake. Nilimsifu kwa jibu hilo. Tangu usiku ule walibadili kawaida yao. Walikutana usiku badala ya jioni, na wale watatu wakamsomea yeye. Mama mmoja alilalamika kwamba mtoto wake achelewa kurudi, na alikuwa na haki, kwani usiku wa Kawangware si wa kuchezea. Fundi akajitolea kuwasindikiza. Husema kwamba hawasomi vizuri kama yule wa kwanza, hasa mmoja ambaye husoma kama anayetangaza mnada, na kwamba msikilizaji huwasahihisha kila baada ya mistari miwili. Lakini huyo msikilizaji sasa ana daftari lake, na anaandika.

Mimi nami nilikwenda na jirani yangu kuuliza habari za basari ya mfuko wa maendeleo ya eneo la bunge. Tulitakiwa kuleta barua ya chifu, barua ya shule, nakala ya kitambulisho cha mzazi na karatasi nyingine mbili. Makarani mnaosoma ukurasa huu mnajua jinsi karatasi moja inavyozaa nyingine. Mama mgonjwa hawezi kupanga foleni ya namna hiyo, kwa hiyo tulimpangia sisi. Karatasi zote tulizipeleka Januari 2025, na sahihi nilizihesabu mwenyewe.

Mtauliza insha ilipata ngapi. Ilipata 14 juu ya 20. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba lugha ni nzuri na habari za Mexico zimepangwa vizuri, lakini mwandishi ametoka nje ya mada mwishoni. Hapo mwishoni, badala ya sentensi niliyoikataa, kijana alikuwa ameongeza mistari mitatu juu ya utingo wa gari nambari 46. Nilimwuliza kama alisikitika kwa zile alama zilizopotea. Akasema kwamba Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, aliongozwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, na kwamba katika darasa lao hakuna aliyeweza kutaja hata watatu kati yao. Mimi nami sikuweza.

Siku moja baada ya hapo nilikwenda mjini kwa shughuli zangu nikarudi kwa gari lake. Alinidai nauli kama alivyowadai wengine, akanirudishia chenji bila kukosea. Kitabu kilikuwa kwa dereva, karibu na kioo cha mbele, kimefungwa katika mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Tulipokaribia Yaya gari likakwama katika msongamano, na injini ikazimwa. Akakichukua, akakaa ngazini pa mlango, akafungua alipoweka alama. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu akamwambia asome kwa sauti basi, kwa kuwa hatuendi popote.