Kabla ya Kuamini Jibu la AI Kuhusu Bondi, Uliza Tarehe

Siku hizi mtu akitaka kuandika barua ya kazi au kujua dawa ya viwavi shambani, anauliza AI kwenye simu. Sasa maswali yamefika kwenye pesa yenyewe. "T-bill ya siku 91 inalipa ngapi?" "Chama chetu kiweke bondi ama kiache pesa kwa sacco?" Maoni yetu ni haya: kuuliza si vibaya, lakini jibu la riba lisilo na tarehe ni uvumi tu, hata likiandikwa kwa lugha tamu namna gani.

Msaidizi wa AI ambaye hajaunganishwa na data ya soko hujibu kutokana na maandishi ya zamani aliyofunzwa nayo. Soko nalo halimngoji. Benki Kuu ya Kenya, CBK, huuza T-bill kwa mnada kila wiki, na kila mnada una bei yake. Katikati ya mwaka 2024, T-bill ya siku 91 ilikuwa inalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Kufikia katikati ya 2025, ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 8.

Tupige hesabu. Chama kinachonunua T-bill ya siku 91 yenye thamani ya shilingi 100,000 kwa asilimia 16 kinalipa kama 96,160, kisha kinapokea 100,000 siku zikiisha. Faida ni kama 3,840. Kwa asilimia 8, kinalipa kama 98,040 na faida inabaki kama 1,960. KRA ikichukua kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye faida hiyo, mnabaki na kama 1,670. Kama mweka hazina aliwaahidi wanachama faida mara mbili kwa sababu "AI ilisema", hapo ndipo vita vya chama huanzia.

Kuunganishwa maana yake nini?

AI iliyounganishwa haihitaji kukisia. Ukiiuliza riba, inaweza kwenda kwanza kuchota matokeo ya mnada wa karibuni, kisha ikakujibu ikitaja ni mnada wa tarehe gani. Inaweza kukupigia hesabu ya kodi na kukukumbusha kwamba bondi ya kawaida huanzia shilingi 50,000. Inaweza pia kukueleza kwa nini bondi ya miundombinu ya Februari 2024, iliyolipa riba ya asilimia 18.46 bila kodi, si kipimo cha bondi ya leo.

Tunaunga mkono jambo hili. Kwa miaka mingi, habari za bondi zimekuwa za wenye mawakala na marafiki benki. Mwaka 2017 serikali ilileta M-Akiba, mtu akaweza kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Mwaka 2023 CBK ikaleta DhowCSD, na sasa unafungua akaunti ya dhamana za serikali kwa simu, bila malipo. Mlango umefunguliwa, lakini matokeo ya minada bado hutolewa kwa nyaraka za PDF ambazo Mkenya wa kawaida hazisomi. Tungependa CBK iyatoe pia kwa njia ambayo programu zinaweza kuyasoma moja kwa moja. Hapo mama mboga atapata takwimu ileile anayopata meneja wa mfuko wa pensheni, siku ileile, kwa lugha anayoelewa.

Ila data nzuri si ushauri mzuri. AI inajua riba ya wiki hii. Haijui kwamba karo ya mtoto inahitajika Januari, au kwamba pesa unayotaka kufunga miaka kumi ndiyo ya kulipia shamba. Ukilazimika kuuza bondi kabla ya wakati wake, bei unayopata inategemea soko la siku hiyo, na unaweza kupata hasara.

Kwa hivyo fanya hivi

1. Uliza: "Hii riba ni ya mnada wa tarehe gani, na umeitoa wapi?" Ikikosa kujibu, hiyo takwimu achana nayo.
2. Linganisha na tovuti ya CBK au DhowCSD kabla ya kutuma hata shilingi moja.
3. Uliza faida baada ya kodi, maana hiyo ndiyo inaingia mfukoni.
4. Usimpe msaidizi yeyote wa AI PIN yako, nywila wala namba za siri zinazotumwa kwa SMS. Kusoma riba hakuhitaji PIN.
5. Ukiambiwa utume pesa kwa namba ya mtu binafsi ili "akununulie bondi", huo ni wizi. Malipo ya bondi huenda kwa CBK, kwa maelekezo unayopata ndani ya akaunti yako mwenyewe.

AI isome soko, ikupigie hesabu. Kidole cha kubonyeza "nunua" kiwe chako, baada ya kuhakikisha. Na kama pesa ni ya chama, wasomee wanachama takwimu pamoja na tarehe yake mkutanoni, kisha iandikwe kwenye kumbukumbu. Pesa ya watu kumi haiendeshwi kwa neno la simu moja.