Kumbe choo chako chaweza kuua ziwa!

Leo tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuongelee kitu ambacho wengi hukionea kinyaa: maji ya chooni. Usifunge gazeti, bwana! Vumilia, utaona utamu wake.

Ndani ya mkojo, kinyesi na hata baadhi ya sabuni za kufulia mna kitu kinaitwa fosforasi. Kwa mkulima hiyo ni lulu, imo kwenye mbolea ya DAP. Mwaka 1669 Mjerumani mmoja, Hennig Brand wa Hamburg, aliigundua baada ya kuchemsha mkojo kibao akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuiona, akaambulia kitu kinachong'aa gizani!

Balaa ni kwamba mbolea haichagui shamba. Ikiingia ziwani inastawisha mwani na magugu maji. Gramu 1 tu ya fosforasi yaweza kuotesha mwani wa gramu 100 hivi ukishakaushwa. Mwani huo ukifa unaoza, unamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Waliokuwa Mwanza na Kisumu miaka ya 1990 hawahitaji kuhadithiwa jinsi magugu maji yalivyoziba fukwe za Ziwa Victoria hadi mitumbwi ikakwama. Ziwa lile linalishwa na mengi, udongo na mbolea za mashambani, na majitaka ya miji yetu yamo.

Dawa yake ni nini? Unaweza kumwaga kemikali fosforasi igande na kuzama. Lakini kemikali ni pesa, tena ya kila siku. Hapo ndipo wanapoingia mashujaa wetu wa leo, bakteria walafi.

Miaka ya 1970 mhandisi James Barnard alikuwa akifanya majaribio Daspoort, Pretoria, huko Afrika Kusini. Alichokuwa akihangaikia ni nitrojeni. Akashangaa kuona fosforasi nayo imeshuka, bila kemikali yoyote! Mwaka 1974 akaandika makala juu ya jambo hilo. Siri yake ni kuwapitisha bakteria kwanza kwenye tangi lisilo na hewa, kisha kwenye tangi lenye hewa.

Kwa nini? Mfikirie mshikaji aliyefulia katikati ya mwezi. Chakula kimejaa sokoni, mfukoni hana kitu. Anauza redio yake, anapata cha kununulia unga. Mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, anaikomboa redio na kuongeza televisheni juu.

Bakteria wetu ndivyo alivyo. Kwenye tangi la kwanza wenzake wengi hawana nguvu ya kula, kwa sababu hakuna oksijeni. Yeye ana akiba ya fosforasi mwilini. Anaivunja apate nguvu, anaitema majini, halafu anafakamia chakula cha kwenye majitaka na kukihifadhi kama mafuta. Akifika kwenye hewa anayachoma yale mafuta, nguvu zinamjaa, anaibeba fosforasi yote aliyoitema na nyingine zaidi. Anazaana pia, na watoto nao wanataka akiba! Bakteria wa kawaida ana fosforasi kama asilimia 2 ya uzito wake mkavu. Tope lenye walafi hawa hufika asilimia 5 hadi 7, au hata kupita. Mmoja wao alipewa jina mwaka 1999: Accumulibacter.

Lakini ngoja, usishangilie bado. Fosforasi haijapotea, imo matumboni mwao. Tope hilo lisipotolewa kwa wakati, likaachwa limelala bila hewa, jamaa wanaitapika yote na kazi imekuwa bure. Likitolewa vizuri, fosforasi yaweza kurudishwa shambani ikiwa mbolea.

Kwa hiyo, msomaji wangu, siku ukionyeshwa mtambo wa majitaka, usiridhike kwa kuwa maji yanatoka meupe. Maji meupe pe yanaweza kubeba fosforasi tele, na jicho halitaiona. Uliza: tope linapelekwa wapi, na linatolewa lini? Ukijibiwa kwa kigugumizi, basi anayeumia ni samaki, na baada ya samaki ni sahani yako.