Kura ya Mlolongo

Kila uchaguzi unapokwisha katika nchi yetu, hapakosi mtu barazani, sokoni au katika chumba cha walimu asemaye: "Heri turudishe mlolongo. Watu wasimame nyuma ya wampendaye, wahesabiwe mchana kweupe, tuone nani ataiba." Juma lililopita maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwalimu mwenzangu, mtu mwadilifu ninayemheshimu. Uchaguzi wa viranja wa shule yetu hapa Machakos umekaribia, naye alitaka wanafunzi wapangwe mistari uwanjani. Nilimpinga palepale kwa mdomo. Sasa nampinga kwa kalamu, maana jambo hili ni kubwa kuliko viranja.

Mlolongo wenyewe sikuuona, kwani ulipopita nilikuwa sijazaliwa. Lakini habari zake si za kubahatisha. Katika mwaka 1986 KANU, kilichokuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kilikata shauri kwamba wagombea wake wateuliwe kwa kupanga watu mistari. Februari 1988 wanachama walijipanga nyuma ya wagombea, au nyuma ya mawakala walioshika picha zao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kushinda, wala hakungoja kura ya siri ya mwezi wa Machi. Kwa njia hiyo, majimbo mengi yalipata mbunge pasipo sanduku la kura kufunguliwa. (Mji wetu wa Mlolongo, ulio kando ya barabara ya Mombasa, usitiwe katika lawama hii, wenyeji husema jina lake limetokana na msururu wa malori.)

Mama yangu alikuwa katika mstari mmoja siku ile. Mwaka uliotangulia mvua zilikuwa haba kwao, na nyumba nyingi ziliishi kwa mahindi ya msaada, ambayo sisi Wakamba huyaita mwolyo. Aliyeandika majina ya wapokeaji wa mahindi alikuwa amesimama kando ya uwanja, mikono nyuma, akitazama. Hakumtisha mtu wala hakutamka neno. Mama alikuwa na mtu wake moyoni, mwalimu mstaafu. Akamtazama mwenye mahindi, akawakumbuka watoto watatu nyumbani, akaenda kusimama katika mstari mwingine. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, mgongo wangu ulikuwa na macho mia juu yake." Mimi naona kwamba siku ile mama hakupiga kura. Kura yake ilipigwa na gunia la mahindi.

Hapo ndipo kosa la mwenzangu lilipo. Yeye anamwogopa mwizi wa kura peke yake, akamsahau mnunuzi na mtishaji. Anunuaye kura ya siri hununua ahadi tupu, kwa maana hawezi kujua kama ameuziwa. Katika mlolongo huiona bidhaa yake imesimama juani. Wenzetu wa mbali waliyajua hayo kabla yetu. Kule Uingereza, mpaka sheria ya mwaka 1872 ilipoleta kura ya siri, mpiga kura alitaja jina la amtakaye kwa sauti, na huko Wales wakulima wengine walifukuzwa mashambani baada ya uchaguzi wa 1868 kwa sababu hawakumfuata mwenye ardhi.

Wala si kweli kwamba mlolongo hauibiki. Malalamiko makubwa ya 1988 yalikuwa kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Mlalamikaji angeonyesha nini? Watu walikwisha kwenda zao, na neno la msimamizi likabaki ndilo hesabu. Karatasi huweza kuhesabiwa tena. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti, na iliweza kufanya hivyo kwa kuwa palikuwa na fomu za kukaguliwa. Je, majaji wangekagua nini kama ushahidi wote ungekuwa nyayo za watu uwanjani?

Mwenzangu alinijibu kwamba kunena hadharani ni desturi yetu, kwamba wazee wa nzama hawakujificha. Ni kweli. Lakini mzee wa nzama aliwaamulia wengine, na amwamuliaye mwenzake sharti aonekane. Ndiyo sababu twataka kujua mbunge wetu alisema nini Bungeni. Mpiga kura hamwamulii bwana wala hadaiwi maelezo na mtu. Kisha akanitajia Uswisi, nchi ndogo isifiwayo kwa uhuru, ambako raia wa Glarus na wa Appenzell Innerrhoden hukusanyika uwanjani wakainua mikono. Nami nilimkumbusha kwamba katika uwanja huohuo wa Appenzell Innerrhoden wanaume waliinua mikono mara kwa mara kuwanyima wanawake kura, hata mahakama kuu ya nchi ikawalazimisha mwishoni mwa mwaka 1990. Yamkini wapo waliotaka kuwakubali wake zao na dada zao, lakini nani ainue mkono peke yake mbele ya majirani?

Sisemi kwamba sanduku huponya kila ugonjwa. Sisi wa Machakos twajua. Paul Ngei, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, alipatikana na kosa la uchaguzi mahakamani katika mwaka 1975, akapoteza kiti chake cha Kangundo. Desemba ya mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba ili Rais aweze kumsamehe, naye akarudi. Mwenye nguvu huweza kuivunja sheria yoyote. Lakini kumwondolea mnyonge pazia lake kwa sababu mwenye nguvu ni mkorofi ni kumwadhibu asiyekosa.

KANU yenyewe iliuacha mlolongo katika mwaka 1990, na Katiba ya 2010 yaamuru kura iwe ya siri. Yaamuru pia kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni. Kwa hiyo mwanga atakao mwenzangu upo, ila umewekwa katika kuhesabu, si katika kuchagua.

Shauri letu la viranja limekatwa. Fundi wetu wa seremala ametengeneza sanduku lenye kufuli mbili. Jumanne kila mwanafunzi ataingia peke yake katika darasa la mwisho, na jioni karatasi zitafunguliwa moja moja mbele ya shule nzima, kila mgombea akiwa na wakala wake mezani. Nimemwomba mwenzangu asimamie hesabu. Amekubali, ingawa amesema kwamba bado hajasadiki.