Nywele za Kinena Kabla ya Baleghe

Mama mmoja wa mtaani kwetu alimtuma mke wangu aniulize jambo aliloona haya kunieleza mwenyewe. Bintiye ana miaka saba. Akimwogesha ameona nywele chache nyeusi kinenani, na mtoto ameanza kunuka kikwapa. Jirani amempa majibu mawili: ama binti yu karibu kuvunja ungo, ama kuna mtu anamharibu. Mama amekwisha kumzuia kucheza nje. Anauliza: je, mwaka huu saumu ni wajibu kwake?

Ndugu msomaji, juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Aghalabu baina ya miaka sita na minane, tabaka la ndani la gamba la tezi hiyo huanza kutoa androjeni dhaifu, ijulikanayo zaidi ikiwa DHEA. Androjeni ni homoni tuzoeazo kuziita za kiume, ilhali Mwenyezi Mungu ameziweka kwa wanawake pia. Sehemu yake hugeuzwa mwilini kuwa testosteroni, na athari yake ni nywele za kinena na kwapa, ngozi ya mafuta, chunusi na harufu mpya ya jasho. Wengi hawaonyeshi dalili mapema hivyo, wachache huonyesha.

Baleghe ina mlango wake. Ubongo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari. Hizo hutoa estrojeni, matiti huchomoza, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili au zaidi. Milango hii miwili hufunguka kwa nyakati zinazokaribiana, ndiyo maana bibi zetu waliihesabu kuwa mmoja.

Amma hukumu, Mahanbali huzihesabu nywele ngumu za kinena kuwa alama ya baleghe. Sisi wafuasi wa Imam Shafi, kwa kauli yenye nguvu, hatuzihesabu kwa mtoto wa Kiislamu. Twatazama hedhi, kutokwa na manii, au kutimia miaka 15 ya mwezi mwandamo. Binti huyu, basi, hajabaleghe. Swala aamrishwe kwa umri wake, saumu azoezwe kwa kadiri ya nguvu zake.

Hata hivyo nilisisitiza aonwe na daktari wa watoto, kwani nywele zikitokea kabla ya miaka minane yafaa zichunguzwe. Mara nyingi hakuna maradhi. Lakini sauti ikizama, kinembe kikikua, chunusi zikizidi au mtoto akirefuka ghafla, huenda tezi ina kasoro ya kuzaliwa au uvimbe, na hapo kuchelewa kuna madhara. Daktari aweza kupima damu na kupiga picha ya mkono kuona umri wa mifupa.

Amma tuhuma ya jirani, nywele si ushahidi wa kuharibiwa mtoto. Homoni za tezi zake mwenyewe ndizo huziotesha. Nilimwomba mke wangu alirudie hilo mara mbili kwa mama, na mara ya tatu kwa jirani.