Pasi ya Kupita Foleni: Je, Zamu Hununuliwa?



Juma hili swali limetoka mbali, ingawa muulizaji mwenyewe ni wetu: ni binti wa Mombasa aliyeolewa Marekani, na jarida hili humfikia kwa simu ya mamake. Anaeleza kwamba likizo ijayo wamekusudia, yeye na mumewe na watoto wao wanne, kwenda siku tatu katika bustani za michezo za Walt Disney World, jimbo la Florida. Watafuatana na wifi yake mwenye watoto wawili, na mavyaa wake atakayesafiri kutoka huku kwetu. Wifi ana uwezo, na ameshaamua kuwanunulia wanawe pasi za kupita foleni. Muulizaji hana uwezo huo na moyo wake haujatulia. Anauliza: je, pasi hizi si rushwa, au si dhulma kwa waliotangulia kusimama? Je, yafaa akope ili wanawe wasijione wanyonge mbele ya binamu zao? La tatu ameliandika kwa haya: jamaa mmoja amewashauri waseme kuwa mwanawe wa tatu ana usonji, kwa sababu watoto wa namna hiyo huruhusiwa kutosimama foleni bila ya malipo.

Wako watakaotaka kwanza tujadili kama inafaa kwenda huko kabisa. Kuwafurahisha watoto kwa mchezo usio na haramu ni jambo jema, na anayekwenda mahali penye mchanganyiko ana wajibu wa kuchunga macho yake, sitara yake na Sala zake, kama anavyowajibika hapa kwetu ufukweni siku ya Idi. Hilo latosha, tulirudie swali.

Yapasa kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani kumhukumu mtu kwa kitu usichokijua ni aibu kwa mwenye elimu. Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, na leo ina bustani kubwa nne za michezo na mahoteli mengi. Foleni za michezo inayopendwa zaidi huweza kupita saa nzima juani. Mwaka 1999 wenye bustani walibuni utaratibu ulioitwa FastPass: mtu huingiza tiketi yake katika mashine, hupewa karatasi yenye saa ya kurudi, kisha huenda zake kula au kupumzika. Akirudi saa hiyo huingia kwa mlango wa pili wenye foleni fupi. Haukuwa na malipo yoyote zaidi ya kiingilio. Tajiri na maskini walikuwa sawa mbele ya mashine ile. Bustani zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, utaratibu huo ulisimama, na ulipokuja wa kuushika nafasi mwezi wa Oktoba 2021 ulikuwa wa kulipia: ulianza kwa dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Tangu Julai 2024 unaitwa Lightning Lane Multi Pass. Bei hupanda na kushuka kwa siku na kwa bustani, na siku za msongamano imepita dola 30. Michezo michache inayotafutwa mno huuzwa pasi yake peke yake, mbali na hiyo. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 2024, ikaletwa Premier Pass ya kumpitisha mtu katika milango hiyo yote ya bustani mara moja moja, saa yoyote aitakayo. Bei yake ilipoanza ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku moja.

Basi je, hii ni rushwa? Hapana. Rushwa ni kumpa mtu mali ili akuuzie kisichokuwa chake. Karani wa hospitali anayepokea shilingi mia mbili akaipandisha kadi yako juu ya kadi ya mama aliyefika tangu alfajiri, huyo ameuza haki ya mgonjwa na amana ya mwajiri wake kwa pamoja, naye na aliyempa wote wameingia katika laana aliyoitaja Mtume (S.A.W.). Mwenye bustani hakuuza cha mtu. Milango miwili ni yake, michezo ni yake, na bei imetangazwa kwa watu wote. Katika lugha ya mafakihi, ameuza manfaa yanayojulikana, kwa bei inayojulikana, kwa wakati unaojulikana, na mkataba wa namna hii ni sahihi. Kama mchezo utaharibika katika saa yako, pasi ya Multi Pass huruhusiwa kutumika baadaye au katika mchezo mwingine, kwa hiyo hata ile shubuha ya kununua kitu cha kubahatisha imepungua.

Lakini muulizaji ametaja waliotangulia, na hapo amegusa jambo zito. Haki ya aliyetangulia katika dini yetu si adabu tupu. Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imepokewa kwa Sahl bin Saad kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake ameketi kijana mdogo na kushotoni wamekaa wazee. Alipokwisha kunywa alimwomba kijana idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hataki kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume, naye akampa kijana kile chombo. Angalieni, mama zangu: mbora wa viumbe anaomba ruhusa ya mtoto kwa sababu zamu ni ya mtoto! Na Tirmidhi amepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Masahaba walitaka kumjengea Mtume jengo la kumtia kivuli pale Mina, akakataa, akawaambia kuwa Mina ni mahali pa kushukia yule aliyetangulia kufika. Wenye kwenda Hija siku hizi na kuona mahema ya karibu na Jamarat yakiuzwa kwa bei kubwa kuliko ya mbali wataifahamu hadithi hii kwa namna yao, na mimi sitaongeza neno.

Tofauti ni kwamba Mina, njia ya wote, kisima cha kijiji, msikiti na ofisi ya serikali ni mahali ambapo watu wote wana haki moja, na huko aliyetangulia hapitwi kwa fedha. Bustani ya Florida ni milki ya mtu. Aliyesimama katika foleni ya kawaida aliujua mlango wa pili kabla hajanunua tiketi, na ameliona bao linalotaja muda wa kungoja. Hakudanganywa, na asiyedanganywa katika mkataba hakudhulumiwa. Kwa hiyo wifi yako, dada yetu, hana dhambi kwa kununua, na usimwangalie kwa jicho la lawama.

Hata hivyo siupendi utaratibu huu, na sioni sababu ya kuficha. Duka la nguo likiuza kanzu ghali na rahisi, mnunuzi wa ghali hamwongezei mnunuzi wa rahisi dakika moja ya taabu. Hapa sivyo. Kiti cha mchezo ni kimoja, na kila anayeingia kwa mlango wa pili humrudisha nyuma aliyeko mlango wa kwanza. Tena muuzaji wa pasi ndiye mwenye foleni: foleni ikirefuka, pasi yake inatakiwa zaidi. Sisemi kwamba anairefusha kwa makusudi; nasema tu kwamba ufupi wake haumletei faida, na mama wa nyumbani anayeijua bei ya samaki anaelewa maana yake.

Ama kukopa, jibu ni fupi. Kwenu watakaohitaji pasi ni watano, kwa kuwa mdogo wenu hajatimiza miaka 3 na hatozwi. Kwa dola 30 kwa siku ni dola 150, na kwa siku tatu ni 450, yaani karibu shilingi 58,000 za Kenya kwa kiwango cha shilingi 129. Deni la kiasi hicho kwa ajili ya kupunguza kungoja si haja, na kama litakuwa kwa kadi ya benki yenye riba, basi ni haramu juu ya israfu. Sura ya al-Furqan imewasifu waja wa Mwenyezi Mungu kwa kutofuja na kutobana, wakawa katikati. Mkiwa na akiba, nunueni siku moja tu, ile ya bustani yenye michezo mnayoitaka zaidi, na siku mbili nyingine amkeni mapema. Saa ya kwanza baada ya kufungua milango foleni huwa fupi. Pia ulizieni Rider Switch, ambayo haina malipo: mzazi mmoja hubaki na mtoto asiyefikia kimo cha mchezo, na mwenzake akitoka yeye huingia bila kuianza foleni upya.

Sasa tufike pale palipoandikwa kwa haya. Huduma anayoisema jamaa yenu ipo, na ina historia ya kuhuzunisha. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yalieleza kuwa matajiri walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao ili wapite foleni kwa mgongo wao. Mwaka huo huo utaratibu ukabadilishwa. Mwaka 2024 ukabanwa tena, na sasa umewekewa hasa wenye maradhi ya ukuaji kama usonji, ambao hawawezi kuvumilia kungoja ndani ya foleni ya kawaida. Mwombaji huzungumza na wahudumu kwa video, na akibainika kusema uongo huweza kupigwa marufuku bustani zote maisha. Lakini adhabu hiyo ni ndogo kuliko nyingine. Kila uongo wa namna hii umeifanya njia iwe nyembamba zaidi kwa mama mwenye mtoto mgonjwa wa kweli, ambaye leo analazimika kujieleza na kuthibitisha jambo ambalo zamani aliaminiwa kwa neno lake. Huyo ndiye aliyedhulumiwa katika kisa hiki, si aliyepitwa na mwenye pasi.

Na mfikirie mtoto wako. Atakuwa ameketi kando yako mbele ya simu, anasikia mamake akimtaja kuwa mgonjwa naye ni mzima, kisha ataambiwa ajifanye. Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mdogo mamake alimwita akimwahidi kumpa kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani mwao. Akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema ni tende. Mtume akamweleza kuwa lau hangempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja. Hiyo ni tende moja, kwa mtoto anayeitwa tu kutoka uani! Jamaa aliyewashauri mumshukuru kwa nia yake, na mlikatae shauri lake kwa uwazi, tena watoto wasikie mkilikataa.

Kuhusu binamu, sema na wifi yako mapema, nyinyi wawili, kabla ya safari. Mwombe pasi zake azitumie asubuhi, na kutoka mchana watoto wote sita wasimame foleni moja na wacheze pamoja. Sidhani atakataa, mara nyingi mwenye uwezo hangoji ila kuambiwa. Mavyaa wako msimsimamishe. Michezo mingi hupokea viti vya magurudumu ndani ya foleni ya kawaida, na kiti hukodiwa mlangoni. Na akitaka kukaa kivulini akilinda mikoba, mtoto mmoja abaki naye kwa zamu. Kuacha nafasi yako ya foleni kwa ajili ya mzee ni ithari yenye sifa. Kinyume na safu ya kwanza ya msikiti, ambayo wanazuoni wetu wa Kishafi wamechukia mtu kumwachia mwenzake, kwa kuwa hilo ni fungu la ibada.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Pasi ya Multi Pass humpa mtu muda wa saa moja wa kufika, na mwenye kulala katika hoteli zao huchagua nyakati tangu siku 7 kabla ya kuwasili, wengine siku 3. Katikati ya kiangazi kule Florida Adhuhuri huingia baada ya saa saba na robo mchana, na Magharibi baada ya saa mbili usiku. Mkinunua, msichague muda utakaowakuta wakati wa Sala. Kwa kuwa mmekusudia siku tatu tu, nyinyi ni wasafiri: mnaweza kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Mkiongeza mkanuia siku 4 kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo katika madhehebu yetu imekwisha tangu mnapofika, na kila Sala itasaliwa kwa wakati wake na kwa rakaa zake zote. Chukueni mkeka mwepesi na chupa ya maji ya kutawadhia.

Wallahu a'lam.