NENO LA MWEZI: KOKWA

Desemba nilikula embe sokoni Yeoville, nikalipanda kokwa lake kwenye ndoo, pale roshani kwetu Berea. Miezi miwili, kimya. Nikampigia bibi Tanga: "Shikamoo bibi, nimepanda mbegu, haioti." Akacheka. "Marahaba. Hilo ni kokwa, mjukuu wangu. Mbegu imo ndani."

Kokwa ni ganda gumu linaloilinda mbegu. La nazi huitwa kifuu, nacho kina macho matatu. Chipukizi hutokea kwenye jicho laini. Kokwa la embe halina jicho. Bibi akanielekeza: likauke kidogo kivulini, ulipasue ukingoni taratibu, utoe mbegu, uipande.

La pili limeota! Sasa naogopa baridi ya Juni. Kwenu mnaliitaje kokwa? Waulizeni wazee, mtuandikie.